Wageni Watakaa Wapi?

Marahaba, nyote kwa mkupuo. Nikiitikia mmoja mmoja chai itapoa, na siku hizi maneno ninayo mengi kuliko pumzi.

Mmekuja kuniuliza habari za ndoa, na za marafiki, na za watu wanaoishi na wewe huku wanakumaliza, kana kwamba nimesomea. Sikusomea. Nimeuza vitanda. Vitanda, makochi, makabati, majokofu yanayonguruma kama paka aliyekanyagwa: kila kitu kilichowahi kukaa ndani ya nyumba ya mtu kikamchosha kilipitia banda langu pale Makorora. Watu waliniita Bi Makochi, na wapo watu wazima mtaani hapa wasiojua jina nililopewa na wazazi wangu. Nimeacha kazi kwa sababu magoti yamegoma, na kazi yetu ni ya magoti. Ukinunua samani ya watu bila kupiga magoti uione chini, hujanunua samani, umenunua maneno.

Hilo alinifundisha Mzee Kombo, Mdigo mmoja, seremala, mtu wa maneno machache na tumbaku nyingi. Ukimletea meza haitazami. Anaipindua kwanza, miguu juu, kama mbuzi wa kuchinjwa. "Juu ni kwa wageni," alikuwa akisema. "Chini ndiko kwa mwenyewe."

Nilimwelewa baada ya kabati la buluu. Lilikuja linang'aa, limepakwa rangi juzi, nami nikalipenda, nikamuuzia mama mmoja wa jirani akapange sahani zake za harusi. Hazikupita siku nyingi nikamwona anakuja na mlango wa kabati kichwani.

"Bi Makochi, nimekuletea mlango."

"Na kabati?"

"Kabati limebaki unga. Njoo na ungo uchekeche."

Mchwa walikuwa wamelila lote, wakabakisha rangi. Mzee Kombo alicheka mpaka tumbaku ikampalia. Kisha akasema neno, nanyi lichukueni kwa kuwa ninyi ndio mko sokoni: kitu kikuukuu chenye rangi mpya kisikutie furaha, kikutie swali. Sisemi kila rangi inaficha mchwa. Mtu mwingine kapaka kwa usafi wake tu. Nasema gonga. Gonga mara moja usikie sauti, kisha gonga tena, maana mara ya kwanza sikio linasikia linachotaka. Mimi hata chaga za kitanda nilizihesabu mara mbili, kwa macho halafu kwa mkono, na macho yangu yamewahi kunidanganya zaidi ya mteja yeyote.

Basi mtu akikujia na utamu mwingi mapema, mama yangu huku, roho yangu kule, bila wewe siishi na hata jina la baba yako hajalijua, usimkimbie. Gonga.

Unagongaje mtu? Ngoja, nitafika.

Kwanza niwaambie nilivyoingia kwenye biashara, msije mkadhani naongea kutoka juu ya kabati. Niliolewa Usagara na mtu wa mizaha. Watu walimpenda, na kweli alichekesha. Ila mzaha ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa mimi: mwili wangu, upishi wangu, Kiswahili changu cha kwetu Mtang'ata. Nikinuna, anasema, "Ah, natania, mbona huna ucheshi?" Nikicheka, kesho anaongeza. Fikirini mlango huo: ukiingia umekosa, ukitoka umekosa. Siku moja nikagundua nimeacha kuongea mbele za watu. Hakunikataza. Nilikuwa nampunguzia tu vitu vya kuchekea.

Nikatoka. Mnajua desturi yetu: binti akiolewa kwao humpa vyombo, kitanda, kabati, sufuria, na vyombo vile ni vyake. Ndoa ikifa anatoka navyo juu ya mkokoteni, mchana kweupe, majirani wamesimama barazani kama wanaotazama arusi. Mimi nilitoka na kitanda. Mzee Kombo akanipa pembe ya banda lake nikiweke, na kitu cha kwanza kuuza maishani mwangu kikawa kitanda changu mwenyewe. Nilipata bei nzuri.

Kwa ajili hiyo nikajiwekea sharti, na wenzangu sokoni walinicheka kwalo: vyombo vya mwanamke sivinunui kwa mdomo wa mumewe. Nitamtuma mume akatafute mkokoteni, akachenji, akafukuze kuku, lolote, halafu nimuulize mke peke yake, "Wewe unauza?" Nikisikia ndiyo, nauliza tena. Ndiyo ya kwanza ni ya adabu. Ninayoitaka mimi ni ya pili.

Sasa sikilizeni habari ya Neema.

Alikuwa binti wa Kisambaa, Mlutheri, wa Maramba, baba yake alizeekea kwenye mashamba ya watu. Mrefu, mpole, fundi wa nguo. Mumewe, Elia, mtu wa mshahara, shati limepigwa pasi, sauti kama anakusomea neno kanisani. Asubuhi moja walikuja wameongozana na Mhina, Mbondei wangu wa mkokoteni, anahema na makochi mawili.

"Shikamoo, mama yangu," akasema Elia.

"Marahaba. Makochi mazuri haya. Mbona unayauza, mwanangu?" Nilimuuliza Neema, nikimtazama Neema.

"Neema hapendi vitu vingi ndani," akajibu Elia.

Nikataja bei. Ilikuwa bei ya matusi. Katika kazi yetu unaanza na bei ya kumkasirisha mwenzio ili mazungumzo yapate moto. Naye aseme wewe mama mwizi, nami niseme basi yapeleke Mombasa, tucheke, tukutane katikati.

"Sawa, mama," akasema Elia.

Nilikaa kwenye kochi alilokuwa ananiuzia. Mhina akanivuta kando. "Bi Makochi, huyu bwana ana nini? Mimi nimemtajia nauli ya kupeleka Dodoma, kalipa."

"Nyamaza, Mhina."

"Nanyamaza. Lakini nimeogopa."

Na mimi niliogopa. Mtu mwenye shida hupatana, tena kwa machozi. Mwenye tamaa hupatana. Hata mwizi hupatana kidogo ili asijulikane. Anayeuza bila kupatana hauzi. Anaondoa.

Kabla hajaondoka nilimtuma Elia kwenye kibanda cha jirani. Nikamuuliza Neema, "Wewe unauza?"

"Ndiyo, bibi."

"Unauza, mwanangu?"

"Ndiyo, bibi. Tumeongea. Ni kweli vilikuwa vingi."

Ndiyo mbili nilizipata. Nikalipa. Sharti langu lina tundu, na nililiona siku ile: mtu anaweza kuwa peke yake na bado mwenzie akawa mdomoni mwake.

Waliporudi walileta viti. Viti sita vya mninga, kazi ya fundi, vimekaliwa kwa heshima. Nikaviweka miguu juu, nikavigonga, nikavihesabu, nikavihesabu tena. Hakuna hata kimoja kilicholegea.

"Hivi navyo ni vingi?" nikauliza. "Wageni watakaa wapi?"

Elia akacheka, mkono wake shingoni mwa mkewe. "Wageni gani, mama yangu? Sisi tunatoshana."

Neema naye akacheka, ila alimtazama kwanza, kama mtu anayesubiri kuruhusiwa kuvuka barabara.

Tunatoshana. Neno tamu lile, ndiyo maana linapita. Nimeingia nyumba za maskini wa Mungu wasio na kitanda, lakini kigoda cha mgeni kipo, hata kama ni ndoo iliyopinduliwa. Nyumba isiyo na kiti cha mgeni, kuna mtu ndani yake hataki ionekane kinachotendeka humo. Sikuyajua haya kwa vitabu. Nimehamisha vyombo vya watu umri wangu wote.

Tangu hapo Neema akienda sokoni alikuwa akipita bandani kunisalimu, na hapo ndipo nilipoijua simu yake. Haikai dakika bila kulia.

"Uko wapi?"

"Kwa Bi Makochi."

"Geuza simu nione."

Naye anaigeuza, polepole, makabati, vitanda, mimi. Nilimpungia mkono yule bwana ndani ya simu. Nikamwonyesha na jokofu, huenda akapenda.

Wenzangu, msinielewe vibaya. Wivu upo, na mume kuuliza mke yuko wapi si dhambi. Tofauti iko kwenye jibu. Ukimjibu mtu anayekupenda, moyo wake unatua. Ukimjibu yule mwingine, anataka ushahidi. Ukimpa ushahidi, anauliza mbona umeutoa haraka. Wala msidhani ni wanaume tu. Nilikuwa na shoga yangu sokoni, muuza vyombo vya udongo, kila sifa yake ilikuwa na sindano ndani: "Umependeza leo, leo hujafanana na mgonjwa." Nikawa nakwenda nyumbani nimechoka bila kubeba kitu. Huyo nilimwachia salamu tu, mazungumzo nikayafunga, na mgongo ukapona.

Mara ya tatu Elia alileta cherehani.

Cherehani ya miguu, ile ya kukanyaga, nyeusi, dhahabu ya maandishi imefutika kwa kupapaswa. Baba yake Neema alimpa siku ya harusi. Neema alisimama nyuma yake hajaigusa, mikono ameikunja kama yuko msibani.

"Mama yangu, bei yoyote," akasema Elia.

Nikasema, "Baba, kochi nikikosea nakaa mwenyewe. Cherehani sinunui mpaka mwenye kuishonea anionyeshe inavyokwenda. Keti, mwanangu, nipindie foronya hizi. Na wewe baba ungoje nje, humu vumbi litakuharibia shati."

Huo ni utaratibu wa kazi, hakuna wa kuukataa. Elia akakaa kwenye pikipiki yake mlangoni, anatuona. Neema akaketi, akakanyaga. Mashine za namna ile zina kelele. Ukikanyaga kwa nguvu, aliye hatua mbili hasikii kitu.

"Endelea kushona," nikamwambia, macho yangu kwenye sindano. "Anakupiga?"

"Hapana, bibi. Hajawahi."

"Anakutukana?"

"Hapana. Ananyamaza. Nikimkosea ananyamaza, anapita kama sipo. Mpaka nimwombe radhi."

"Unamkosea nini?"

Akakanyaga kitambo. "Mwanzo nilikuwa sijui. Sasa ananieleza taratibu mpaka naelewa kwamba mbaya ni mimi." Uzi ukamkatikia, akaufunga tena. "Kwaya niliacha. Dada yangu haji, Elia anasema ana wivu na sisi. Na kushona, anasema wateja wananizoea."

"Na wewe unasemaje?"

Hapo aligeuka kunitazama kama nimemuuliza kwa Kigiriki.

Wanangu, sikumwambia aondoke. Watu wengi wanakosea hapo. Mtu ambaye kila siku anaamuliwa, na wewe ukija ukamwamulia, umembadilishia bwana tu. Nilimpa nilichokuwa nacho, na ndiko huko kumgonga mtu nilikowaahidi. Nikamwambia, "Mkatalie kitu kidogo. Kidogo kabisa, kisichomgharimu. Halafu usiseme neno, tazama."

Sokoni bei ya kwanza siikubali hata ikiwa nzuri. Ni ubahili, ndiyo, lakini si ubahili peke yake. Mtu humjui anapokuuzia. Unamjua unapomwambia hapana. Mmoja atacheka, mwingine atashusha, mwingine ataenda zake na salamu. Na mwingine atakutazama kama umemwibia. Biashara ni ile ambayo kila mmoja anaweza kuondoka. Usipoweza kuondoka hiyo si bei tena, ni fidia ya mateka.

Ila sikieni, na hili nalisema mara mbili kwa makusudi: haya ni kwa mtu asiyeinua mkono. Penye kipigo, penye kisu kilichoonyeshwa, penye "nitakuua" hata kwa utani, hamna cha kujaribu wala kupatana. Hapo ni kwenda kwa watu, kwa wazazi, kwa mwenyekiti wa mtaa, dawati la jinsia polisi, bila kumuaga mtu. Hapo ni kwenda. Haya, nimesema mara mbili.

Nilitoka nikamwambia Elia mashine inaruka mishono, naiacha kwanza fundi aitazame. Ilikuwa haina kasoro hata chembe. Niliisukuma nyuma ya makabati, nikaifunika shuka. Vile viti sita navyo, kila aliyeuliza nilimtajia bei ya wazimu.

"Hivi vya ikulu?" akauliza mteja mmoja.

"Vya ikulu vina punguzo," nikamjibu. Mhina akasema sasa na mimi nimeambukizwa wazimu wa yule bwana.

Neema alirudi baada ya siku kadhaa. Simu ilipolia aliigeuza kama kawaida, makabati, vitanda, mimi. Kisha akaiweka mkobani na kuniambia habari ya chai.

Kila jioni Elia humimina chai mwenyewe, kikombe cha kwake na cha mkewe, na watu wakimsikia husema mume ndiye huyo. Jioni ile Neema alisema, "Leo sijisikii chai." Basi. Elia akamtazama. Akachukua birika, akatoka nayo uani, akaimwaga yote. Akarudi akasema kwa sauti ileile ya kusoma neno, "Basi humu hakuna anayekunywa chai." Majani na sukari akavifungia kabatini, na funguo akaondoka nazo kazini. Tangu siku hiyo hakumsemesha.

"Chai, bibi," akasema Neema. "Nilikataa chai tu." Na safari hii hakusema mbaya ni nani.

Siku ya kuondoka aliipanga mwenyewe. Mimi nilimkumbusha vitu vidogo. Vyeti vyake vilitangulia kwa dada yake, kimoja leo, kingine kesho, ndani ya kitambaa cha kushonea. Mwenyekiti wa mtaa alijua, mchungaji wake alijua, Elia hakujua. Dada mtu akashuka kutoka Maramba na kirikuu ya kukodi, kile kigari cha mizigo, asubuhi, Elia yuko kazini. Nyumbani walibeba begi moja. Vyombo vingine vyote vya Neema vilikuwa kwangu, ila makochi niliyokuwa nimeshayauza.

Cherehani ilipanda bila mjadala, sikuwa nimeinunua. Vikabaki viti. Neema akasimama mbele yake, akasema, "Bibi, utakavyosema wewe."

Hilo ndilo jibu alilozoea kumpa Elia. Nilikuwa nimekusudia kumpa bure, niseme ukweli, neno lilikuwa limeshafika ulimini. Nikalimeza.

"Viti hivi nimelipia," nikasema. "Nitakupa, ila utanishonea foronya za makochi yote ya banda hili, na mapazia ya nyumbani kwangu, na gauni la Idi. Tena mwaka huu wote."

Dada mtu akanitolea macho. Mhina akasema, "Astaghfirullah, Bi Makochi!"

Neema akainamisha kichwa. Nikangoja. Kirikuu ilikuwa inaunguruma, dereva anapiga honi, na mimi nangoja kama sina haraka duniani.

"Ni nyingi, bibi," akasema, kwa sauti ndogo.

"Sikusikia."

"Ni nyingi. Punguza."

"Sipunguzi."

Akainua uso. "Basi gauni. Gauni na foronya za kochi moja. Na viti nachukua vitano. Hiki kimoja kinabaki kwako, nikija nikute pa kukaa."

Nimepatana na Waarabu, na Wapemba, na mabibi wa Pangani ambao wangemuuzia shetani moto. Sijawahi kushindwa bei nikafurahi vile.

Elia alikuja mchana. Hakupiga kelele. Alitazama pale viti vilipokuwa, akabaki amesimama, mikono mifukoni. "Mama yangu," akasema, "wewe huna mume, huna mtoto ndani. Umejaza nyumba viti na hakuna wa kuvikalia. Ndicho ulichomtakia Neema?"

Mhina akashika mpini wa mkokoteni. Nikamwashiria auache. Alichosema juu yangu kilikuwa kweli. Nikamwambia, "Karibu tena," kama ninavyomwambia kila mteja. Hakurudi.

Kwa hiyo sitawauzia kabati la buluu. Wapo watakaowaambia ukimwacha anayekumaliza utapata amani na watu tele. Amani utapata. Watu, sijui. Mimi jioni nasikia saa ya ukutani ya jirani. Idi hunikuta na gauni jipya lililoletwa na dereva wa basi, limefungwa vizuri, na Neema anapiga simu kuuliza limenikaa vipi. Cherehani nasikia inakwenda nyuma yake, na watu wanacheka. Anasema atakuja. Maramba si mbali, lakini ana wateja wengi, na kwaya, na mimi sipendi mtu aje kwangu kwa kulazimika.

Kiti chake kiko hapo, mkabala na mimi. Kijana mmoja alikuja juzi na baiskeli kuulizia samani kuukuu, akakipindua, akakigonga mara mbili, nikaona huyu kafundishwa. Akaniuliza bei. Nikamwambia kina mwenyewe.

Naketi upande huu, namimina chai. Nikitaka nakunywa. Nisipotaka kikombe kinapoa mezani, na hakuna anayenuna.